Kadi ya nzi: shajara ya mradi wa wadudu wa Kiswidi

Januari 9

Mradi umeanza leo jioni kwenye meza ya jikoni, Göteborg, nje giza limeshaingia tangu saa kumi. Lengo ni dogo: kadi 30 za wadudu, upande mmoja Kiswidi, upande wa pili Kiswahili, kwa ajili ya watoto ninaowafundisha. Uswidi ina utaratibu ambao jamaa zangu wa Morogoro hawauamini nikiwasimulia: mtoto ambaye nyumbani kwao kunasemwa lugha nyingine anaweza kufundishwa lugha hiyo na shule. Wanaita modersmål, lugha ya mama. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Darasani nina Watanzania wachache, Wakenya wawili, na waliobaki ni watoto ambao wazazi wao wametoka Bukavu na Uvira, Kongo. Viswahili vyao havifanani, kwa hiyo wakigombana hugombana kwa Kiswidi.

Kadi kumi za kwanza zimenichukua saa moja. Bi, nyuki. Mygga, mbu. Geting, nyigu. Myra, sisimizi. Fluga, nzi. Nilijipa wikendi mbili kwa kazi yote, nikaenda kulala nikijisifu.

Januari 16

Kadi ya fluga imenirudia. Msichana wa miaka kumi kanyoosha mkono: “Mwalimu, baba alivaa nzi kwenye harusi ya shangazi.”

Darasa likaangua kicheko, lakini yeye hakuwa anatania. Alikuwa na picha kwenye simu. Baba yake kapendeza, suti nyeusi, na shingoni ile tai fupi yenye fundo katikati na mabawa mawili, ambayo mie nimekua nikiiita tai ya kipepeo. Kwa Kiswidi hiyo ni fluga. Kadi yangu ilimwambia fluga ni nzi, naye akaitii kadi.

Nimeandika daftarini: “Kadi ya 5 ina kosa.” Kisha nikafuta. Haina kosa, fluga kweli ni nzi. Ila mtoto akitoka nayo barabarani itamwaibisha.

Januari 19

Wikendi ya pili imeishia kwenye svenska.se, tovuti inayokusanya kamusi za Akademi ya Uswidi, ile iliyoundwa na mfalme Gustav III mwaka 1786 na ambayo ndiyo inayotoa Nobel ya fasihi. Kamusi kubwa kuliko zote ni SAOB, inayofuatilia maneno ya Kiswidi tangu 1521 hadi zama za karibu. Kazi yake ilianza 1883, kitabu cha kwanza kilitoka 1898, na cha mwisho, cha 39, kilikamilika 2023. Miaka 140! Nami nalalamikia wikendi mbili.

Asili ya neno lenyewe haina utata mwingi. Kiswidi cha kale kiliandika flugha, Kinorsi cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, fluga. Limezaliwa na kitenzi flyga, kuruka angani. Nilipokuwa najifunza lugha hii nilikariri flyga, flög, flugit kama kasuku, na kumbe hiyo u ya flugit ndiyo ileile iliyokaa ndani ya fluga. Miaka yote hiyo sikuiona. Nzi kwa Kiswidi ni “mrukaji” tu. Wajerumani wana Fliege kutoka fliegen, Waingereza fly, wote wametumia kitenzi kilekile cha mababu.

Elof Hellquist, aliyetoa kamusi ya asili za maneno ya Kiswidi mwaka 1922, anasomeka bure kwenye Project Runeberg, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa Linköping mwaka 1992. Kurasa zimepigwa picha moja moja. Niliingia kutafuta neno moja, nikatoka baada ya saa tatu na chai imeganda utando.

Kwetu nzi hana habari na kuruka. Ni jina la Kibantu lililosambaa na watu: Wakikuyu wanasema ngi, wasemaji wa Kilingala nzinzi, Washona nhunzi. Lakini tuna jambo la kufanana nao kwa mlango wa nyuma. Sisi tulimchukua ndege wa manyoya tukampa chombo cha chuma jina lake, basi. Wao wamechukua kitendo cha kuruka wakakigawa: mdudu kapata fluga, chombo kikapata flygplan. Nimeuchora mti huo kwenye ubao wa nyumbani kwa kalamu mbili. Mume wangu kapita, kauangalia, kauliza chakula kitaiva saa ngapi.

Jambo moja nimelificha, si la watoto. Nzi wa nyumbani aliitwa Musca domestica na Carl von Linné, mwanasayansi Mswidi aliyevipa viumbe majina ya Kilatini, mwaka 1758. Musca ni nzi kwa Kilatini, na wataalamu wa asili za maneno wanaiweka kwenye ukoo mmoja na mygga, mbu wa Kiswidi. Nao Wahispania wakisema mosquito, maana yake ni “nzi mdogo”. Kwa hiyo kadi ya 2 na kadi ya 5 ni ndugu kwa kupitia Roma.

Januari 30

Tai. Nilitaka kujua kama Waswidi wako peke yao. Hawako. Wajerumani nao huiita Fliege, nzi vilevile. Wadenmark wamechukua butterfly kutoka Kiingereza, yaani kipepeo, na Wafaransa wanasema nœud papillon, fundo la kipepeo. Baba mmoja wa Bukavu aliyekuja kumchukua mwanawe akaniambia kwao wameizoea kwa hilo jina la Kifaransa. Ukiitazama kwa haki, kipepeo anafanana nayo zaidi. Nzi wa ukubwa huo akikutua shingoni hutakwenda harusini.

Mahali inapoonekana kwa wingi ni Desemba 10, karamu ya Nobel kwenye jumba la jiji la Stockholm, ambako wanaume huvaa koti lenye mikia na vit fluga, “nzi mweupe”. Nilikuwa na hamu ya kuwaonyesha watoto picha ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, akiwa nayo shingoni Stockholm, nikakumbuka kwamba mwaka wake, 2021, korona ilivunja karamu na medali alikabidhiwa London. Mfano mzuri wote ukaniponyoka. Nimebaki na picha ya baba wa harusini, kwa idhini yake.

Februari 8

Leo nimekutana na maana ya tatu, ambayo imeninyima usingizi kuliko tai.

En fluga ni pia jambo linalowapagaza watu kwa muda mfupi, mchezo mpya, mtindo wa nywele, chakula cha kupunguza mwili, kisha linazimika kama halikuwahi kuwapo. Kamusi inaieleza kama nyck, wazo la ghafla linalomshika mtu. Picha yake naiona hivi: nzi anaingia dirishani, anazunguka kichwa chako, kwa dakika tano hakuna kingine duniani, halafu katoka.

Kauli maarufu kuliko zote ni “Internet är en fluga”, intaneti ni nzi. Inanasibishwa kwa Ines Uusmann, waziri wa mawasiliano wa Uswidi miaka ya tisini, kutokana na mahojiano ya gazeti mwaka 1996. Tangu hapo Waswidi wanaitumia kumcheka yeyote anayetabiri kwamba kitu kipya kitapita. Mwenzangu wa chumba cha walimu, Mswidi, aliitamka kwa sauti ya utani nilipomwambia ninatengeneza kadi za karatasi.

Sasa, Kiswahili chake ni nini? Nimeuliza kwenye kundi la simu la walimu na jioni nzima ikaliwa. Mmoja kaleta “nguvu ya soda”. Nimeipenda mara moja: povu linapanda, linamwagika, limekwisha. Lakini nikilipima zaidi naona nguvu ya soda ni ya mtendaji. Waziri mpya anaanza kwa kishindo, wiki mbili kimya, huyo ana nguvu ya soda. Huwezi kusema intaneti ina nguvu ya soda. Mwingine kaleta “upepo”, kama tunavyosema “huo ni upepo tu, utapita”. Hii iko karibu zaidi, maana upepo ni wa jambo lenyewe. Ila upepo mara nyingi ni wa shida au kashfa, na fluga ni ya kitu ambacho watu wanakifurahia. Dada mmoja wa Mombasa akamaliza ubishi: “Mwandikie mtoto ‘mambo ya msimu’, alale.”

Nimeandika “jambo la msimu, upepo wa kupita”. Nguvu ya soda nimeihifadhi, nitaipatia kadi nyingine, haki ya Mungu siiachi.

Februari 13

Siku fupi. Misemo minne kwenye daftari, haijatafsiriwa:

att slå två flugor i en smäll
inte göra en fluga förnär
dö som flugor
i nöden äter fan flugor

Februari 22

Wa kwanza ni rahisi: kuua nzi wawili kwa pigo moja. Sisi tunaua ndege wawili kwa jiwe moja. Smäll ni ule mlio wa kofi, na kile kijiti cha kupigia nzi kinaitwa flugsmälla, kwa hiyo mtoto anaweza kuuigiza msemo mzima mezani. Niliwapa gazeti lililokunjwa. Sitarudia.

Wa pili ni wa mtu mpole asiyeweza kumdhuru hata nzi. Wa tatu hauhitaji maelezo, nasi husema watu wamekufa kama nzi, au kama kumbikumbi.

Wa nne ulinikwaza. Neno kwa neno: kwenye dhiki, shetani hula nzi. Fan ni tusi dogo, si neno la kuandika kwenye kadi ya mtoto wa darasa la tatu, lakini methali ni methali. Nilimpigia mzee mmoja wa Unguja anayeishi hapa tangu kabla sijazaliwa. Baada ya shikamoo na habari za watoto nikamsomea.

“Hiyo unayo nyumbani mwanangu, unatafuta nini?” akasema. “Mwenye njaa hana miiko.”

Akacheka, akaongeza kwamba Kiswahili kimemstahi mwenye njaa na Kiswidi kimemwita shetani. Kisha akanipa ya ziada bila kuombwa: nzi kufa juu ya kidonda si haramu. Nikamwambia huyo nzi wetu anakufa kwa kufuata anachokipenda, wakati nzi wa Kiswidi kwenye misemo hii anapigwa, anakufa kwa maelfu, analiwa, na hata anayemhurumia anamhurumia kwa kuwa ni mdogo kupita vyote. Hajapewa tamaa yake mwenyewe. Mzee akasema nisiwaonee Waswidi, wanao pia msemo wa nzi na donge la sukari. Nimetazama, kweli upo: som flugor kring en sockerbit, kama nzi wanaozunguka kipande cha sukari. Nadharia yangu ilidumu dakika sita.

Machi 3

Maneno ya kuunganisha. Kiswidi hubandika maneno kama mafundi wanavyounga mbao, na fluga limeungwa kila mahali.

Flugvikt ni uzito wa nzi, ule wa mabondia wa kulipwa wasiozidi kilo 50.8. Flugfiske ni kuvua samaki kwa nzi wa bandia aliyefungwa kwa nyuzi na manyoya kwenye ndoana, na huyo chambo naye anaitwa fluga. Wapo watu hapa wanaokaa majira yote ya baridi wakifunga nzi kwa uzi chini ya taa. Nilimweleza kaka yangu wa Mwanza, ambaye maisha yake yote ni dagaa na sangara. Alinyamaza kidogo kisha akauliza kama hao watu wanalipwa.

Spyfluga ni nzi mkubwa anayeng'aa buluu au kijani anayefuata nyama iliyooza. Spy ni kutapika. Akiitwa mtu hivyo, ni mtu wa maneno ya sumu, mwenye ulimi mchafu. Spanska flugan, “nzi wa Hispania”, wala si nzi, ni dundu wa kijani. Bananfluga ni vile vinzi vidogo vinavyozuka juu ya ndizi zilizoiva.

Kwenye tsetsefluga nimekosea mwenyewe. Niliandika “nzi wa tsetse”, nikaituma kadi kwa wazazi. Mama mmoja Mkenya akajibu kwa neno moja tu: “Mbung'o.” Dakika mbili baadaye mama mwingine aliyekulia Tabora: “Sisi ndorobo.” Yaani nimemtafutia jina kwenye Kiswidi mdudu aliyehamisha ng'ombe wa babu zetu, wakati lugha yangu ina mawili. Kadi imesahihishwa, majina yote mawili yamo.

Machi 8

Hii inastahili siku yake. Flugsvamp.

Svamp ni uyoga. Kuna ule mwekundu wenye madoa meupe unaochorwa kwenye vitabu vyote vya watoto, sungura kakaa chini yake. Kwa Kiswidi ni röd flugsvamp, uyoga mwekundu wa nzi, na jina lake la kisayansi, Amanita muscaria, lina nzi yuleyule wa Kilatini ndani. Sababu ni ya jikoni kabisa: zamani watu walikatakata vipande vyake wakaviloweka kwenye maziwa, wakaacha sahani dirishani, nzi wakanywa wakaanguka. Linné, mtoto wa Småland, aliyaandika matumizi hayo. Ilikuwa dawa ya nzi ya watu wasio na duka.

Ninaloliandika kwa wino mwekundu ni kwamba jina flugsvamp limeenea hadi kwenye uyoga wa ukoo huo wasio na wekundu wowote. Vit flugsvamp ni mweupe pepe. Lömsk flugsvamp, lömsk maana yake mwenye hila, ni wa kijani hafifu. Hawa wawili wanaua watu. Waswidi huenda msituni kila mwisho wa kiangazi kuchuma uyoga kama sisi tunavyokwenda kuokota maembe, na wageni tunafuata kwa furaha. Mtu aliyezoea uyoga mweupe unaoliwa kwao anaweza kuuona ule mweupe akafurahi. Kwa hiyo kadi hii haitakuwa na mchoro wa sungura. Nimeandika: “flugsvamp: uyoga wenye sumu, USIGUSE mpaka mtu mzima anayeujua aseme.” Mwenzangu wa chumba cha walimu kasema naogopesha watoto. Ndiyo.

Machi 20

Jaribio darasani, na bahati imenisaidia: jua limepiga dirisha, nzi wa kwanza wa mwaka kaamka ndani ya fremu, anatambaa kizembe kwenye kioo. Hakuna aliyetazama ubao tena. Nikaacha kipindi kimfuate yeye.

Niliwauliza: akiwa mtu, angekuwa mtu gani? Mvulana wa Kitanzania akajibu haraka, “Huyo si mtu, chawa ndiye mtu.” Wenzake wa Kongo hawakumwelewa, akalazimika kueleza kwa Kiswidi kwamba Tanzania siku hizi chawa ni yule anayeganda kwa tajiri au mwanasiasa, kazi yake kumsifu. Hapo nikaongeza kupe, ambaye wazazi wetu walimtumia kwa mnyonyaji anayeishi kwa jasho la wengine. Msichana wa tai akaleta nyigu: mama yake husema kiuno cha nyigu, na Waswidi wana getingmidja, kiuno cha nyigu vilevile. Wakaanza kuwinda. Mmoja akakumbuka mbu wa Kanisani, wanaomchuja mbu na kummeza ngamia, na kwa kuwa Biblia ni moja, Kiswidi nacho kina sila mygg och svälja kameler. Kisha mtoto mdogo kuliko wote, ambaye kwa kawaida hasemi, akaonyesha kola yake na kusema mygga ni pia kile kimaikrofoni wanachobandikwa watu wa televisheni. Ni kweli. Sikuwa nayo kwenye kadi.

Nzi alitoka dirishani dakika tano kabla ya kengele.

Machi 29

Uamuzi wa muundo. Mpango wa kadi 30 zenye neno moja kila upande nimeufuta. Kadi ya fluga sasa ni karatasi iliyokunjwa mara mbili, kurasa nne: mdudu na kitenzi alichotoka; shingo ya baba wa harusini; upepo wa kupita; na ukurasa wa mwisho uyoga, wenye mpaka mwekundu. Misemo imekaa pembeni kwa herufi ndogo, na shetani nimemwacha aseme Kiswidi tu.

Gharama: karatasi nene za A4 pakiti mbili na wino. Muda: wiki kumi na moja kwa neno moja. Nikiendelea kwa mwendo huu, kadi 30 zitaisha msichana wa tai akiwa ameshaolewa, na mume wake labda kavaa fluga. Nimepunguza idadi hadi nane.

Aprili 5

Nimeanza inayofuata, slända. Ni jina la kile kijiti cha kusokotea uzi, kiitwacho pia, na vilevile la makundi kadhaa ya wadudu, mengi yao ya majini. Trollslända, pia ya zimwi, ndiye kereng'ende wetu. Dagslända, wa siku moja, ni mdudu anayetoka majini akiwa na mabawa, anapandana, anakufa, mara nyingi ndani ya siku hiyohiyo. Na Waswidi wanamtumia kwa kitu chochote kisichodumu.

Kwa hiyo fluga na dagslända, wote wawili ni “jambo la kupita”? Nimemuuliza mwenzangu. Kafikiri huku akikoroga kahawa, akasema fluga inakusumbua kwanza ndipo ipite, dagslända hata hukuwahi kuiona vizuri. Nimeandika hivyo. Na kwenye upande wa Kiswahili wa dagslända nimeandika kwa penseli, nisubiri kundi la walimu wanipinge: nguvu ya soda.